Msanifu wa michoro yuko Kigoma, chuo kiko Dar es Salaam

Masomo yanapofungwa katikati ya mwaka na msimu wa fildi kuanza, meza za maofisa utumishi wa vyuo vya umma hujaa barua za utambulisho. Mwanafunzi wa uhasibu anaomba nafasi, wa ununuzi na ugavi anaomba nafasi, na wa usanifu wa michoro anaomba nafasi pamoja na kompyuta yenye programu zake. Viti havitoshi. Ndipo linapokuja jibu ambalo kabla ya 2020 lilikuwa nadra kusikika: tumekukubali, lakini kazi utaifanyia hukohuko uliko.

Kwa wa stoo jibu hilo halina maana, maana mizigo haihesabiwi kwa simu. Kwa msanifu wa michoro lina maana kabisa. Anachozalisha ni faili, na faili husafiri. Bango la mahafali linaweza kuchorwa Ujiji, likapitishwa Dar es Salaam na kuchapwa Dodoma ndani ya siku moja. Wazazi wengi wakisikia hivyo hufurahi, kwa sababu kijana hatapanga chumba wala kupigania daladala asubuhi.

Lakini fildi haikuwekwa ili chuo kipate mabango. Iliwekwa ili mwanafunzi ajifunze kazi kutoka kwa anayeijua. Swali la kuuliza kabla ya kusaini fomu ni hili: huyo anayeijua ataonekana wapi, na mwanafunzi atamwonaje akifanya kazi? Wengi hudhani jambo kubwa ni intaneti. Intaneti ina shida zake, nami nitazifikia, ila nimeona fildi zenye mtandao mzuri zikipita bila mwanafunzi kupata chochote, na nyingine za mtandao wa kusuasua zikamtoa fundi. Tofauti ilikuwa katika namna kazi ilivyoagizwa na namna ilivyosahihishwa.

Umbali wenyewe si jambo jipya kwa elimu ya umma nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, na tangu mwanzo kilijengwa juu ya wazo kwamba mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuwa mikoa tofauti. Nyuma zaidi, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu vijijini katika vikundi vya kusikiliza redio wakiwa na vitabu vilivyochapwa mkononi. Aliyevipanga vitabu hivyo hakuwapo kikundini kueleza alikusudia nini. Kila mchoro ulipaswa kujieleza wenyewe kwa mtu ambaye huenda alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Msanifu wa leo anayefanyia fildi mbali anaingia katika desturi hiyo, na chuo kinachompokea kinapaswa kukumbuka kwamba nacho kina uzoefu. Chuo cha Elimu ya Biashara, kwa mfano, kina kampasi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Taasisi ya aina hiyo haiwezi kusema haijazoea kutuma kazi mbali.

Wiki ya kwanza ndiyo hupotea kirahisi kuliko zote, na kwa fildi ambayo aghalabu ni ya wiki nane, wiki moja ni mali. Mwanafunzi huomba nembo ya chuo. Ofisi humtumia kwa WhatsApp, kama picha, ikiwa imebanwa na imezungukwa na kisanduku cheupe. Anaipanua kwa ajili ya bango la mita mbili na kingo zinakuwa ngazi. Anaomba nyingine, anatumiwa iliyokatwa kutoka kwenye barua iliyopigwa skani. Kumbe faili halisi, ile ya vekta inayokuzwa bila kuharibika, imelala kwenye kompyuta ya mtu aliyehamishwa kituo. Kabla ya kumpokea mwanafunzi wa mbali, ofisi ya uhusiano iandae kabrasha moja mtandaoni: nembo katika faili ya vekta, rangi za chuo zikiwa zimeandikwa kwa namba zake za skrini na za uchapishaji, fonti zinazoruhusiwa, picha zilizokwisha kupata idhini, na mabango kadhaa ya zamani kama mfano. Mwanafunzi aliyeko ofisini anaweza kwenda meza hadi meza akiuliza. Wa mbali hana meza ya kwenda.

Baada ya hapo kinakuja kiini cha jambo lote, nalo ni maelekezo ya kazi. Ujumbe wa kawaida huwa mfupi: tunaomba bango la mahafali, lipendeze. Msanifu mzoefu atapiga simu na kuuliza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hapigi. Amelelewa kutomsumbua mkubwa, na kwenye simu umri na cheo vinaonekana vikubwa zaidi kuliko ana kwa ana, kwa kuwa haoni uso wa kumwambia kwamba swali lake limepokewa vizuri. Anaandika "shikamoo mkuu, nimepokea", kisha anakaa siku tatu akibahatisha. Anatuma. Anajibiwa "iboreshe kidogo". Anabadilisha rangi. Anajibiwa "bado". Anaongeza kivuli kwenye maandishi, anaweka maua pembeni, na siku ya nne mtu ofisini analifanya bango mwenyewe kwa nusu saa kwa sababu mahafali yamekaribia. Kijana huyo hajakosea popote. Hakuelezwa.

Maelekezo yanayofaa hayahitaji kuwa marefu. Yaseme bango litasomwa na nani, litatundikwa wapi, lina ukubwa gani, msomaji afanye nini akishalisoma, maneno yapi yamekwisha kupitishwa na hayabadiliki, nani ana neno la mwisho, na lini. Bango la getini husomwa na mtu aliye kwenye gari linalopita. Kipeperushi cha maonesho husomwa na kijana aliyesimama na mzazi wake, tena mzazi ndiye atakayekibeba nyumbani. Tangazo la udahili husomwa kwenye simu yenye kioo kidogo, mara nyingi likiwa limesambazwa kwenye kundi la ukoo. Hizo ni kazi tatu tofauti hata kama maneno ni yaleyale. Mwanafunzi akizielewa tofauti hizo amejifunza nusu ya taaluma, na hazielewi mpaka mtu amwandikie au amwambie.

Nusu nyingine iko kwenye masahihisho, na hapa ndipo umbali unapomnyang'anya mwanafunzi kitu asichokijua. Ofisini, msimamizi akipita nyuma ya kiti huona mambo ambayo hayaonekani kwenye kazi iliyokamilika. Huona kijana akisukuma maneno kwa kubonyeza nafasi mara ishirini badala ya kuweka mpangilio. Huona ameandika vichwa vya habari kimojakimoja kwa mkono, kiasi kwamba fonti ikibadilishwa atarudia kurasa zote thelathini. Ukimtumia PDF, yote hayo yamefichika, na kazi inaweza kuonekana safi huku njia iliyoifikisha hapo ni ya kuchosha. Dawa ninayoiamini ni kukaa pamoja kwenye skrini moja, walau mara mbili kwa wiki, nusu saa tu, faili ikiwa wazi. Mwanafunzi afanye kazi huku msimamizi akitazama. Kisha wabadilishane: msimamizi afanye, mwanafunzi atazame. Zamu hii ya pili huachwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu mwanafunzi anaona jinsi mtu mzoefu anavyofikiri, anavyofuta, anavyorudi nyuma.

Masahihisho ya maandishi nayo yana adabu yake. "Sogeza jina la chuo juu" ni amri, na mwanafunzi atasogeza. "Sogeza jina la chuo juu kwa sababu hapo chini litafunikwa na vichwa vya watu waliosimama mbele ya bango" ni somo, na atalitumia kwenye mabango mengine yote maishani mwake. Sauti zinazorekodiwa kwenye simu husaidia kwa wanaopenda kuzungumza kuliko kuandika, ila baada ya sauti hizo mtu aandike mistari miwili ya yaliyoamuliwa. Hakuna anayerudi kusikiliza rekodi kumi kutafuta ni wapi palisemwa rangi ya kijani.

Liko jambo ambalo mwanafunzi anayejifunzia kwa video za mtandaoni hakutani nalo, na ambalo chuo chetu cha umma kinaweza kumfundisha vizuri kuliko yeyote: kupanga Kiswahili kwenye ukurasa. Sampuli nyingi za mabango zimetengenezwa kwa lugha yenye maneno mafupi. Weka humo kichwa kama "Wanaotarajiwa kuhitimu wanakaribishwa" na kila kitu kinafurika. Mwanafunzi hupunguza herufi mpaka hazisomeki, ilhali alipaswa kubadilisha mpangilio. Programu nazo zikiachwa kwenye kanuni za Kiingereza hukata maneno mwishoni mwa mstari pasipostahili, ukaona "mwan-" juu na "afunzi" chini, wakati silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu na mahali pa kukatia hapajifichi. Kuzima ukataji huo ni kubofya mara moja, mradi mtu akuonyeshe. Na mwanafunzi anayedhani kwamba mpangilio ni elimu ya kuagizwa kutoka nje aitazame kanga: ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina mahali pake, na mtu hulisoma jina hilo kwenye nguo inayotembea. Waliopanga hivyo walijua nini kinatangulia machoni.

Uchapishaji ndio pengo kubwa zaidi la fildi ya mbali, na sioni mtandao ukiliziba. Wasanifu wengi wa Afrika Mashariki walijifunzia kwenye viwanda vidogo vya uchapaji, Kariakoo kwa Dar es Salaam, River Road kwa Nairobi, Nasser Road kwa Kampala, wamesimama kando ya mashine huku fundi akiwafokea. Pale ndipo mtu hujua kwamba buluu kali ya skrini, inayotokana na mwanga, ikichapwa kwa wino nne inageuka na kuelekea zambarau. Pale hujua kwamba rangi ya pembeni lazima ivuke ukingo wa karatasi, kwa kawaida milimita 3, ili kisu cha kukatia kisiache mstari mweupe. Hujua kwamba picha inayong'aa kwenye simu haina pikseli za kutosha: ukurasa wa A4, wenye milimita 210 kwa 297, ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Na karatasi ya gramu 80 ukiishika haifanani hata kidogo na ya gramu 300. Hilo huwezi kuelezwa kwa maneno.

Kwa hiyo chuo kisiridhike na mwanafunzi anayetuma faili tu. Mji wowote wenye sekondari kadhaa na makanisa na misikiti una mchapaji wa kadi na vitabu vya risiti. Barua moja ya chuo inatosha kumfungulia mwanafunzi mlango wa siku chache katika duka la aina hiyo huko aliko. Na kazi yake ikishachapwa Dar es Salaam, atumiwe nakala. Mabasi ya mikoani hubeba vifurushi kila siku kwa bei ndogo. Mwanafunzi aishike kazi yake, aone pale rangi ilipofifia na pale herufi zilipobanana, kisha aandike alichokiona. Hakuna mkutano wa video unaolingana na hilo.

Kuna uzito mwingine unaotokana na chuo kuwa cha umma. Bango la duka likikosewa bei, mwenye duka hulibandua. Tangazo la udahili likikosewa tarehe ya mwisho, kuna kijana wa Kibondo atakayekosa mwaka mzima. Likikosewa kumbukumbu namba ya malipo au maelekezo ya ada, pesa ya mahindi ya familia inakwama au inakwenda pasipofaa. Matapeli nao wanajua nguvu ya nembo ya chuo. Huinyofoa, huweka kwenye tangazo la uongo, na huomba ada kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Ndiyo maana utaratibu wa rangi na nembo, unaoonekana kama urembo, ni kinga. Mzazi aliyezoea kuona matangazo ya chuo yakiwa na sura moja miaka yote ana nafasi kubwa zaidi ya kushtuka akiona lisilofanana. Mwanafunzi wa fildi aambiwe hili siku ya kwanza, ili ajue kwa nini haruhusiwi kubadilisha kijani cha chuo hata kama kijani kingine kinampendeza.

Kusoma prufu, basi, kusiwe kazi yake peke yake. Mtu wa ofisi ya msajili asome tarehe na ada, mtu mwingine asome namba kwa sauti huku mwenzake akifuatisha kwenye hati ya asili. Na kazi isitoke bila aliyeidhinisha kuandika jina lake. Vyuo vya umma tayari vina desturi ya dokezo, ambapo kila ngazi huandika maoni na kupeleka mbele. Desturi hiyo hulaumiwa kwa kuchelewesha, lakini kwa kazi ya msanifu aliye mbali inamlinda: lawama ikija, inajulikana nani alipitisha nini.

Halafu kuna picha za watu. Ofisi ya uhusiano ina maelfu ya sura za wanafunzi, na mwanafunzi wa fildi anazipokea kwenye kompyuta yake binafsi, ambayo labda anaitumia pamoja na kaka yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaibana taasisi inayokusanya na kutumia taarifa hizo. Sura ya mtu ni taarifa yake. Si haki kumtupia kijana mzigo huo bila maelezo. Apewe picha zile tu anazozihitaji, kupitia kabrasha ambalo chuo kinaweza kulifunga, na fildi ikiisha azifute. Barua pepe nayo ina mipaka: taasisi za umma zina mfumo wao, na mtu wa nje hana anwani humo. Badala ya kuziba pengo hilo kwa namba za simu za watu binafsi, idara ya TEHAMA ya chuo ishirikishwe mapema kumtafutia njia rasmi ya muda.

Upatikanaji wa taarifa kwa watu wenye ulemavu ni eneo ambalo mwanafunzi wa fildi anaweza kukisaidia chuo zaidi ya kinavyomsaidia. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, lakini matangazo mengi bado hutolewa kama karatasi iliyopigwa skani na kugeuzwa PDF. Kwa programu inayomsomea asiyeona, hiyo ni picha tupu, haina hata neno moja. Msanifu akilitoa tangazo likiwa na maandishi halisi ndani yake, asiyeona analisikia kama wengine wanavyolisoma. Viwango vya kimataifa vya tovuti vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na kuna vikokotoo vya bure vya kupima hilo. Njano juu ya nyeupe haifiki hata karibu. Kijana akipewa kazi ya kupima matangazo kumi ya zamani ya chuo kwa kipimo hicho, anajifunza rangi kwa namna ambayo hakuna darasa lililomfundisha, na chuo kinabaki na orodha ya vya kurekebisha.

Sasa gharama. Mwanafunzi anayefanyia fildi ofisini hutumia umeme na intaneti ya ofisi bila mtu kuhesabu. Wa nyumbani ananunua bando na LUKU kutoka mfukoni, au tuseme kutoka mfukoni mwa mama yake. Ukurasa mmoja wa A4 wa picha kwa ajili ya uchapaji, kabla ya kubanwa, ni karibu MB 35. Kijitabu cha kurasa ishirini, kilichotumwa mara nne kwa masahihisho, kinameza bando la wiki. Chuo kinachopata kazi kwa mwanafunzi huyo kimlipie bando. Nasema hivyo bila kusita. Ni kiasi kidogo kuliko viburudisho vya mkutano mmoja, na bila hicho tunachagua wanafunzi kwa kipimo cha uwezo wa wazazi wao.

Kuhusu programu, leseni za Adobe ni za kulipia kila mwezi na si kila mwanafunzi anazimudu. Inkscape kwa michoro ya vekta, GIMP kwa picha na Scribus kwa kupanga kurasa ni za bure, na zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi za chuo. Canva ni nyepesi na vijana wengi wanaijua tayari, ila ofisi iwe macho: mabango yakitengenezwa kwenye akaunti ya mwanafunzi, siku fildi inapokwisha yanaondoka naye. Akaunti iwe ya chuo, naye aalikwe humo.

Inabaki tathmini. Kwa kawaida mkufunzi kutoka chuo anakosoma mwanafunzi hufunga safari, hufika ofisini, huuliza maswali machache na kusaini daftari la kumbukumbu. Mwanafunzi akiwa nyumbani, mkufunzi atatembelea nini? Ipo hazina ambayo fildi ya ofisini mara nyingi haina: kila toleo la kazi na kila sahihisho limehifadhiwa na lina tarehe. Mkufunzi aombe kuona bango moja tu, kuanzia mchoro wa kwanza hadi lililochapwa, pamoja na ujumbe wote wa katikati. Hapo ataona kama mwanafunzi aliuliza, kama alijibiwa, kama kosa la wiki ya pili lilirudi wiki ya sita. Daftari nalo liache kuandikwa "nilitengeneza tangazo" siku tano mfululizo. Liandikwe nini kilikataliwa na kwa sababu gani.

Mwisho wa wiki nane mwanafunzi atataka kuonyesha kazi hizo kwa waajiri, na suala hili lizungumzwe mwanzoni, kabla ya kusaini. Zilizokwisha kutangazwa hadharani apewe ruhusa ya maandishi kuziweka kwenye potifolio yake, akitaja alichofanya yeye na walichofanya wengine. Rasimu zilizokataliwa na picha za wanafunzi wenzake zibaki chuoni. Na barua ya msimamizi itaje kazi kwa majina yake, bango lipi, kijitabu kipi, badala ya ile barua ya kawaida inayosema tu kwamba mhusika alikuwa na nidhamu na alifika kwa wakati.